Vyombo vya Stoo Havikuwa Vimekufa

Maneno ya Mweka Hazina kwenye chakula cha harambee ya mwaka, Dar es Salaam

Nimepewa dakika kumi na tano kabla ya chakula, na naona harufu ya makande imeshafika mbele kuliko mimi. Nitajitahidi.

Kwenye rasimu ya bajeti mliyotumiwa mwezi wa tatu kulikuwa na mstari ulioandikwa "ununuzi wa vyombo vya sauti, shilingi 3,850,000". Kwenye bajeti mliyoshika leo mstari huo haupo. Nimepigiwa simu nyingi. Ndugu mmoja aliniuliza kama hela zimeshaliwa hata kabla hazijachangwa. Kihasibu hilo haliwezekani, lakini nilimwelewa, na ndiyo maana nikaomba nafasi hii.

Nianzie Desemba iliyopita, maana huko ndiko kidonda kilipo. Mliokuwepo Usangi kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka mnakumbuka ukumbi ulivyojaa, wengine wakakaa nje kwenye nyasi. Nilisimama kusoma hesabu. Sauti ikawa inakuja na kuondoka. Mimi nilisema, "Tumekusanya milioni kumi na nne, tumetumia milioni tisa, milioni tano ziko benki." Waliokaa nyuma, kwa maelezo yao wenyewe, walichosikia ni "tumekusanya milioni kumi na nne", kisha mkwaruzo kama wa mtu anaburuza bati, kisha "asanteni sana". Nikakaa chini. Walio mbele wakapiga makofi, walio nyuma wakatazamana.

Hadi jioni maneno yalikuwa yamefika hadi barabarani kwamba milioni tano hazionekani. Kesho yake nilikwenda kumsalimia bibi mmoja wa ukoo wetu. Alinipokea vizuri, akanipa chai, na nilipokuwa nainuka kuondoka akaniambia taratibu, "Mjukuu wangu, babu yako hakuwa mwizi." Hakuongeza neno. Ndugu zangu, nimefanya kazi ya uhasibu miaka ishirini, wakaguzi wamenihoji mara nyingi, lakini sijawahi kutoka mahali nikiwa mdogo namna ile.

Turudi mjini. Kamati ilikaa, ikakubali kwamba vyombo vyetu ndivyo vilivyotuaibisha, tukatafuta bei za vyombo vipya, na hiyo 3,850,000 ndiyo ilikuwa ya chini kuliko zote. Vyombo vya zamani vilirudishwa stoo kwa mjumbe mmoja Tabata: amplifaya moja, miksa ndogo ya maiki nne, na spika mbili za inchi 12. Vyote ni mtumba. Mwenzetu mmoja alivinunua miaka mingi iliyopita akatupatia, na hatujamshukuru vya kutosha. Kwenye kumbukumbu za kikao iliandikwa "vimekufa".

Hapo ndipo uhasibu wangu ulipoanza kuwasha. Mali ya chama haifutwi kwenye daftari kwa neno la mdomo. Lazima kuwe na karatasi inayosema imeharibika kitu gani, nani ameikagua, na kuitengeneza kungegharimu kiasi gani. Niliuliza nani aliyevifungua vile vyombo. Ikaonekana hakuna. Vilikuwa vimefunikwa na turubai na gunia la mahindi juu yake. Najua wenzetu wa upande wa pili wa ziwa Jipe na wa kule Kilimanjaro wanavyotutania sisi Wapare kwa kubana shilingi. Safari hii niliamua kuwapa sababu.

Nikavipakia kwenye gari hadi Gerezani, kwa fundi mzee ambaye ameketi kwenye meza ileile tangu redio zikiwa za mbao. Alifungua amplifaya kwa bisibisi, akapuliza vumbi, akawasha taa yake ya kichwani, akasema, "Hii haijafa. Hii ni chafu." Nikaomba nije jioni baada ya kazi nimtazame anavyofanya, na akikubali nishike bisibisi mimi mwenyewe. Alikubali, ingawa alinitoza ada ya mwanafunzi pamoja na ada ya matengenezo. Niliheshimu hilo.

Nawaeleza nilichojifunza kwa sababu wengi wenu mna redio, deki au spika za mtumba zimelala chini ya kitanda zikisubiri siku ya kutupwa.

Ule mkwaruzo unaosikika ukizungusha kitufe cha sauti, mara upande mmoja unapotea, ukirudisha kidogo unarudi, kwa kawaida si ugonjwa mkubwa. Ndani ya kile kitufe kuna njia nyembamba ya kaboni iliyopinda kama mundu, na juu yake kinateleza kidole kidogo cha chuma. Vumbi, mafuta ya mikono na unyevu wa pwani hii vikikaa pale miaka kumi, kidole kinarukaruka badala ya kuteleza. Kwa sisi tuliokulia kwenye ndiva jambo hili halihitaji shule. Maji yapo, mtaro ndio umejaa tope. Unazima, unachomoa plagi ukutani, unafungua kifuniko, unatia tone la dawa ya kupuliza ya kusafishia vitu vya umeme kwenye kitundu cha kitufe, kisha unakizungusha mwanzo hadi mwisho mara thelathini. Unaacha dawa ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Swichi zote za kubonyeza vivyo hivyo. Fundi alinionya nisitumie mafuta ya kulainishia bawaba, wala petroli, wala manukato. Manukato aliyataja kwa uchungu. Nadhani kuna mteja alishamletea amplifaya inayonukia.

Amplifaya yetu ilihitaji hayo tu, na fyuzi moja. Fyuzi ilikuwa imefungwa karatasi ya sigara, ile inayong'aa. Sitauliza ni nani. Nitasema tu kwamba fyuzi imewekwa iungue ili kitu kingine kisiungue. Ukiifunga karatasi, siku umeme ukija vibaya itaungua transfoma, na baada ya transfoma pengine nyumba. Weka nyingine yenye ampia zilezile zilizoandikwa pale, na ikiungua tena papo hapo, usiweke ya tatu. Peleka kwa fundi.

Sasa miksa. Hii ndiyo iliyoniita mwizi, kwa hiyo mtanivumilia nikikaa hapa kidogo. Tulichomeka maiki, sauti ikaja. Fundi akatikisa plagi kidogo, sauti ikakatika. Akaisukuma juu, ikarudi. Akafungua, akanipa lenzi, akanionyesha mahali tundu la maiki linaposhika kwenye bodi. Kila mguu wa lile tundu umeshikwa na tone la risasi, dogo kama punje ya mtama. Kwenye mguu mmoja kulikuwa na duara jembamba jeusi kuuzunguka, ufa ambao huuoni kwa macho ya kawaida. Na umetoka wapi? Umetokana na sisi. Kila mshereheshaji anapotembea na maiki waya ukiisha anavuta, kila mtoto anapojikwaa kwenye waya, nguvu yote inakwenda kwenye yale matone manne. Miaka ikipita moja linaachia. Linagusa, haligusi, linagusa.

Kuponya ni sekunde tatu. Unapasha chuma cha kuchomea risasi, unakigusisha kwenye mguu na kwenye bodi kwa pamoja ili vyote viwili vipate moto, unaongeza risasi mpya kidogo, unaondoa mkono bila kutikisa. Tone zuri hung'aa na kutambaa kwenye bodi. Tone baya hukaa kama kipira, halijashika kitu. Langu la kwanza lilikuwa kipira. La pili pia. La tatu fundi alinyamaza, na kwa fundi yule kunyamaza ni sifa. Nilipotoka pale nilikaa kwenye gari dakika kadhaa. Punje moja ya mtama, na bibi yangu akanikumbusha heshima ya babu.

Spika ndizo zilizochukua muda. Ukizitazama, ile karatasi pana katikati inashikwa pembeni na pete laini ya sponji inayoiwezesha kwenda mbele na nyuma. Sponji ya namna ile huozwa na hewa na unyevu hata kama spika haipigwi. Baada ya miaka kumi, kumi na tano, ukiigusa inabaki kidoleni kama masizi. Pete ikikatika, karatasi inacheza bila mshikilizi, sauti nzito inakuwa ya kupasuka, na watu husema spika imeungua. Mara nyingi haijaungua. Kuna njia nyepesi ya kujua: ichomoe kwenye amplifaya, chukua betri moja ya redio ya volti 1.5, gusisha nyaya mbili kwenye miguu ya spika kwa nukta moja. Ikitoa "tak" na karatasi ikasogea, koili yake ni nzima. Mwenye mita anaweza kupima: spika iliyoandikwa omu 8 husoma kama 6 hivi. Ikisoma hakuna kitu, koili imekatika, na hapo ni kazi ya kusuka upya, ambayo mimi siigusi.

Zetu zote mbili zilisema "tak". Tukakwangua sponji mbovu na gundi ya zamani hadi ukingo ukawa msafi, kazi ya saa nzima ya kuchosha. Tukanunua pete mpya za mpira, maana mpira hudumu kuliko sponji. Ugumu uko katika kuiweka karatasi katikati barabara, kwa kuwa koili yake inapita kwenye mwanya mwembamba sana wa sumaku, na ikienda pembeni kidogo tu inakwaruza. Fundi alibandua kile kifuniko cha duara cha katikati, akaingiza vipande vya karatasi ngumu kuizunguka koili ili isiyumbe, akabandika pete kwanza kwenye karatasi ya spika, kisha kwenye fremu. Tukaacha usiku mzima na mchana wake. Jioni alitoa vipande, akaisukuma karatasi kwa vidole vya mikono yote miwili, polepole, huku ameweka sikio. Kimya. Akarudisha kifuniko na gundi kidogo.

Ili msidhani nimekuwa fundi, niseme na hili. Moyo uliponipanda nilinunua deki ya kaseti pale Kariakoo, barabarani, shilingi 45,000, nzuri, inang'aa, ya kutoka Japani. Nilitaka kusikiliza kanda alizoacha marehemu baba. Nikafika nyumbani, nikachomeka, kisha ndipo nikageuza nyuma kusoma kibati chake. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Moshi ulitoka kabla sijamaliza kusoma, na mke wangu akauliza kutoka jikoni kama nimeunguza kitu. Kibati cha nyuma kinasomwa kabla ya plagi. Ya Japani au ya Marekani inahitaji transfoma ya kushusha umeme. Hasara hiyo ni ya mfukoni kwangu, haimo kwenye vitabu vya chama, na kanda za baba bado sijazisikia.

Jambo jingine la hatari. Ndani ya amplifaya, karibu na transfoma, kuna kapasita kubwa mbili kama makopo madogo. Zinatunza umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Ukiona kichwa cha kopo kimevimba, au pale ndani panahitaji kuguswa kwa sababu yoyote, funga kifuniko umpelekee anayejua. Vijana wangu nyumbani nimewaambia vitufe ruksa, matundu ruksa, spika ruksa, lakini upande unaoingia umeme wa ukutani hapana.

Na si kila kitu cha kuponywa. Mimi nimejiwekea mpaka: kama ubovu hauonekani kwa macho, hausikiki kwa kutikisa, na fundi anaanza kusema "tubahatishe", nasimama. Kubahatisha hakuna bajeti. Kuna spika ya tatu ilikuwa stoo, koili imekatika na fremu imepinda. Hiyo tumeifuta kwenye daftari, kwa karatasi iliyosainiwa, kama inavyotakiwa.

Sasa hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Dawa ya kupuliza 15,000. Chuma cha kuchomea na risasi 22,000. Mita 25,000, na mita hii ni mali ya chama. Pete mbili za spika na gundi 36,000. Nyaya mpya na plagi 28,000. Fyuzi 3,000. Fundi 60,000. Kupandisha mzigo kutoka Mwanga hadi Usangi 20,000. Jumla 209,000. Risiti zipo isipokuwa ya fundi, ambaye hana mashine ya EFD wala hataki kusikia habari zake. Ameandika kwenye karatasi ya daftari na kusaini, nami nimesaini, na Katibu amesaini kama shahidi. Mkaguzi wetu wa ndani amekunja uso lakini ameipokea.

Ukitoa 209,000 kwenye 3,850,000 zinabaki 3,641,000. Ndiyo maana mstari ule haupo, na ndiyo maana ukiangalia mstari wa paa la wodi ya kina mama pale zahanati utauona umenenepa kwa kiasi hichohicho. Sikuzigusa zaidi ya kuzihamisha.

Naomba niwe mkweli kwamba kamati haikuwa na sauti moja. Wapo waliosema chama cha watu wenye kazi zao mjini kupeleka nyumbani vyombo vya mtumba vilivyogangwa ni kujidhalilisha, na kwamba vitatuangusha tena. Hoja ya pili ni ya haki. Vitaharibika tena, kama ambavyo vipya navyo vingeharibika, na mtu wa kuvifungua angekuwa huku Gerezani. Kwa hiyo tumeongeza ombi dogo kwenye bajeti, mstari wa mwisho kabisa: nauli na chakula kwa vijana wawili wa nyumbani waje wakae na yule fundi wiki sita. Amekubali. Ameuliza tu kama na wao ni Wapare, ili ajue bei ya kuanzia.

Pasaka tulivipeleka. Tulipowasha pale ukumbini sauti ilikuwa nyembamba, nzito haipo kabisa, na roho yangu ikashuka. Kumbe kwenye spika moja nilikuwa nimeunganisha waya mwekundu mahali pa mweusi. Moja inasukuma, nyingine inavuta, zinauana. Tukabadilisha. Yule bibi alikuwa amekaa nyuma, kwenye kiti chake cha Desemba. Nilisoma hesabu upya, zilezile, hadi senti. Hakuniambia kitu. Alinitumia mtoto na mkungu wa ndizi.

Maiki hii niliyoshika inapita kwenye miksa ile, na spika hizo mbili pembeni ndizo zenyewe. Zinapanda tena nyumbani wiki ijayo. Mwenye amplifaya, deki, spika au redio iliyonyamaza nyumbani kwake, na hana mpango nayo, aandike jina kwa Katibu wakati wa chakula, tutaipitia kuichukua. Ile ya Japani mniambie mapema. Na wenye bahasha za paa la wodi, mama zetu wanapita na vikapu, msivifiche chini ya meza.

Kilichobaki ni kuwasomea taarifa ya fedha ya mwaka. Ni kurasa mbili tu. Mama uliyekaa kule mwisho karibu na mlango, kama hunisikii nyanyua mkono, nami nitarudia.